Miti Yetu na Dawa Zilizomo
(Maneno ya Kamati ya Afya katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Lisekese)



Tumepewa nusu saa tuzungumze juu ya dawa za miti. Tunajua pilau iko jikoni na ngoma zimekwisha kuwambwa, kwa hiyo tutajitahidi tusiwachoshe. Kabla hatujaanza, tunaomba mgeuze macho upande wa ule mwembe. Pale tumeweka ndoo mbili za maji. Maji yenyewe yamechotwa leo alfajiri lamboni, yote mahali pamoja, nayo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndoo moja hatukuigusa. Ile yenye mfuniko mwekundu tumeitia unga wa mbegu za mlonge. Watoto wasizifunue. Tutazirudia mwishoni.

Sisi tunaosema hapa ni wanne wa kamati ya afya. Hatukusomea udaktari. Mmoja wetu ni mkunga wa jadi, mmoja alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na wawili ni wakulima wa korosho na mihogo kama ninyi. Haya tutakayosema mengine tumeyauliza kwa wauguzi, mengine tumeyasoma, na mengine tumeyaona kwa macho yetu, na moja kati ya hayo tungependa tusingeliona.

Sababu ya mazungumzo haya mnaijua. Katika mkutano mkuu uliopita lilitolewa wazo kwamba kikundi kichukue fedha katika faida yetu, tununue mashine ya kusaga na vifuko, tuuze unga wa majani ya mlonge na unga wa muarobaini. Wazo zuri. Ila kwenye pakiti tuandike: "Tiba ya magonjwa arobaini." Mkutano ukasema kamati ya afya ikae, itafakari, ijibu. Leo ndiyo siku ya kujibu.

Tuanze mbali kidogo. Mti hauna miguu. Mdudu akija kuutafuna hauwezi kukimbia, na ukungu ukiuingia hauwezi kujikuna. Kwa hiyo miti mingi inayotoa maua imejaliwa kujitengenezea vitu vikali ndani ya majani, magamba, mizizi na maganda ya mbegu. Vingine ni vichungu, vingine vina harufu kali, vingine vinawasha. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda mti wenyewe: kumfukuza mdudu, kuua bakteria, kuzuia ukungu. Binadamu alikuja baadaye, akaonja, akaona hiki kinakata homa, hiki kinakausha kidonda, hiki kinaua mtu. Kwa hiyo mtu akisema "dawa ya miti haina kemikali" anakosea. Dawa ya miti ni kemikali tupu. Tofauti yake na kidonge ni kwamba kwenye kidonge kuna mtu aliyeipima.

Mfano wa kwanza ni mti unaotulisha. Sote hapa tumebangua korosho. Nani kati yetu hajawahi kuungua vidole? Yale mafuta ya ganda yakikugusa, ngozi inawasha, inababuka, baada ya siku chache inachunika. Ndiyo maana mama zetu walitufundisha kujipaka majivu mikononi kabla ya kukaa kwenye jiwe la kubangulia, na tusiinamie moshi wakati wa kukaanga. Sasa, ndani ya mafuta hayo mna asidi iitwayo anakadiki. Jina hilo limetokana na jina la kitaalamu la mkorosho, Anacardium. Asidi hiyo ndiyo askari wa mbegu. Mdudu akitoboa ganda, anakutana nayo.

Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, mmoja wao akiitwa Isao Kubo, walichapisha matokeo ya kuyapima mafuta haya kwa bakteria. Wakaona asidi ile inawaua baadhi yao, na hasa wale wanaotoboa meno na wale wa chunusi. Mwaka 1996 Kubo na mwenzake wakaonyesha kwamba hata yule bakteria wa majipu na vidonda, stafilokoka, wa ile aina iliyokwisha kuwa sugu kwa dawa ya methisilini, hushindwa na asidi hiyo. Na kabla ya hapo, mwaka 1982, watafiti wengine walikwisha kuona kwamba inaua konokono wanaobeba kichocho. Kichocho, jamani! Ugonjwa wa watoto wetu wanaooga mabwawani, na ganda tunalitupa jalalani.

Haya, twende tukapake mafuta ya ganda kwenye jino bovu? Thubutu! Ufizi utaungua na mdomo mzima utababuka. Kile kinachomwua bakteria ndicho kilekile kinachokuchuna vidole. Watafiti wale waliitenga asidi peke yake, wakaipima kidogo kidogo mno, wakaitia kwenye kisahani cha maabara chenye bakteria. Hawakuitia mdomoni mwa mtu. Kutoka kwenye kisahani hadi kwenye kidonge ni safari ya miaka mingi, na dawa zilizo nyingi hufia njiani. Wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wamekuwa wakiyachunguza mafuta ya ganda la korosho za nchi hii. Hilo linatupa moyo. Lakini mpaka leo ganda la korosho si dawa ya jino, na anayekuuzia anakuunguza.

Mfano wa pili ni wa uchungu kwa watu wa wilaya yetu. Muhogo nao una kinga yake. Mna kitu ndani kiitwacho linamarini, na muhogo ukipondwa au ukitafunwa, linamarini hiyo hubadilika na kutoa sianidi, sumu kali. Ndiyo maana nguruwe mwitu hupita shamba la muhogo mchungu akaenda kwa jirani aliyepanda mtamu. Bibi zetu hawakujua jina la sianidi, lakini walijua kazi: kumenya, kuanika makopa siku nyingi mpaka yakauke kabisa, ndipo yatwangwe. Mwaka 1988 kulikuwa na ukame, chakula kikapungua, na watu wa Masasi wakashindwa kungoja. Muhogo mbichi ukatwangwa, ukaanikwa kidogo, ukatwangwa tena, ukaanikwa tena, ukasongwa ugali upesi upesi. Ndio ule unga wa chinyanya, wakubwa mnaukumbuka. Watu wakala, wakaanza kutapika na kushikwa na kizunguzungu. Dakta Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake walilichunguza jambo hili wakaliandika mwaka 1992: sumu ilikuwa haijatoka kwenye unga. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara ukapata konzo, watoto na akina mama wakapooza miguu ghafla kwa kula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, miezi ambayo hapakuwa na mboga ya maana.

Tukiwa hapo hapo, kwa sababu njaa haipigi hodi: ukiwa na wasiwasi na unga wako, uloweshe maji, uutandaze kwenye mkeka uwe mwembamba, usizidi sentimeta moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inapaa na hewa. Kisha songa ugali. Njia hii ilifundishwa katika mkoa wetu baada ya konzo, na wengi wamekwisha kuisahau.

Mnaona tunakokwenda. Muhogo uleule, shamba lilelile, mikono ileile. Kilichopungua ni siku za kuanika. Sasa kama muhogo, tunaoula kila siku tangu enzi za babu zetu, ulitushinda mwaka mmoja wa haraka, tutakuwaje na uhakika na mzizi uliochimbwa na mtu tusiyemjua, ukatwangwa siku tusiyoijua?

Wengine mtasema, mbona hospitali nayo inatumia miti? Kweli inatumia. Tuwape kisa kilichopita hapahapa. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilikuwa likirudi nyuma mbele ya Waingereza, likapita Masasi na Chiwata, likapanda uwanda wa Makonde mpaka Nambindinga. Malaria ilikuwa imewaandama, na kwinini ilikuwa inakaribia kwisha. Kwinini hutoka katika magamba ya mti uitwao sinkona, asili yake Amerika ya Kusini. Wajerumani walikuwa wameupanda Amani, kule Usambara, na wataalamu wa Amani ndio waliowatengenezea dawa wakati meli zao hazifiki. Ilipokosekana ya vidonge, walichemsha magamba wakanywa maji yake. Yalikuwa machungu mno hata wakayabatiza jina la pombe ya jenerali wao. Pale Nambindinga Lettow akahesabu kwinini iliyobaki kama anavyohesabu risasi. Akawaacha nyuma wagonjwa na waliochoka, mamia ya watu, na waliobaki akavuka nao Ruvuma. Wapagazi waliobeba mizigo yao, watu wa nchi hii, hawakuwa wa kwanza katika hesabu ile ya kwinini.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu ya neno hilo, kuhesabu. Ufaransa mwaka 1820, Pelletier na Caventou waliitoa kwinini yenyewe katika magamba, ikawa kitu cha kupimwa kwa mizani. Kabla ya hapo mtu alikunywa maji ya magamba bila kujua amekunywa kiasi gani, maana mti mmoja una kwinini nyingi, mwenzake kidogo, na magamba ya juu si kama ya chini. Baada ya hapo iliwezekana kusema: mtu mzima hiki, mtoto hiki.

Kisa kingine ni cha mama wa Kichina, Tu Youyou. Miaka ya 1970 mwanzoni, yeye na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria katika miti ya kwao, na mmea mmoja ukawa unawachezea: leo unaua vimelea, kesho hauui. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha zamani, cha zaidi ya miaka 1600, akasoma kwamba mmea ule uloekwe katika maji, ukamuliwe, unywewe. Hakuna mahali paliposema uchemshwe. Akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 dawa yenyewe, atemisinini, ikapatikana. Waliijaribu kwanza juu ya miili yao wenyewe. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Sasa ile dawa ya mseto tunayopewa zahanati asili yake ni hapo. Mnakumbuka klorokwini ilivyokuwa ikituwasha mwili? Vimelea vya malaria viliizoea mpaka serikali ikaiondoa mwaka 2001, ikaja SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja mseto. Mmea wake umelimwa hata hapa Tanzania, mkoa wa Arusha. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema halishauri watu wanywe chai ya majani hayo, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye chai ni kidogo na hakitabiriki: kimelea kinapigwa kofi, hakifi, kinajifunza. Na mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliothibitisha kwamba huko Kagera kimelea kimekwisha kuanza kuwa sugu kwa atemisinini yenyewe. Kwa hiyo jamani, ukipewa mseto wa siku tatu, meza wa siku tatu. Usimbakizie mtoto wa dada yako.

Hata yale maua ya waridi na meupe, yenye petali tano, tunayoyaona kandokando ya nyumba, yaliyotoka Madagaska: ndani ya majani yake zinatoka dawa mbili za saratani, vinikristini na vinblastini, na ya kwanza ni ya watoto wenye saratani ya damu. Inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja tu. Mtu akisikia hivyo akaenda kuchemsha majani yale nyumbani, anakunywa sumu, kwa sababu kinachoua saratani kinaua na seli nzima. Haya tuyaache.

Tufike kwa muarobaini. Mti huu ulitoka upande wa Bara Hindi, lakini umekuwa mwenyeji, na hatuna ugomvi nao. Una kitu kiitwacho azadiraktini. Mdudu akikila anaacha kula, na bado mchanga hawezi kujivua gamba akakua. Kwa hiyo yule mama anayeweka majani ya muarobaini kwenye kunde na mbaazi zake anafanya jambo la kitaalamu, na tungependa wengi tumwige. Sabuni yake kwa upele, sawa. Lakini mafuta ya mbegu zake si ya kumnywesha mtoto. Madaktari wa Malaysia waliandika mwaka 1981 habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo, wakatapika, wakasinzia, wakapata degedege, na si wote waliopona vizuri.

Na hapa tunaomba mtuwie radhi, tutasema jambo la kwetu. Mama mwenyewe yuko nasi, ametuambia tuliseme, ila jina lisitajwe.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili, mwezi wa Julai, watu wanapuliza salfa mikoroshoni. Jumatatu mtoto wa miaka mitatu akashikwa na homa. Mama akaja kwa mweka hazina kuomba mkopo wa dharura. Mnalijua sanduku letu, kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mama wake. Wa tatu alikuwa shambani, mbali, amelala hukohuko. Tukasema atarudi kesho. Sisi, tena tunasema sisi, watatu katika hawa wanne mnaowaona, tukamchemshia mtoto muarobaini. Jumanne akatoka jasho. Tukafurahi, tukasema dawa imeshika. Hakuna aliyekwenda shambani kuufuata ufunguo. Jumatano alfajiri degedege ikaanza. Tulipomfikisha hospitalini tuliambiwa damu imekwisha. Alifariki usiku wa siku hiyo.

Hatusemi muarobaini ulimwua. Malaria ndiyo iliyomwua, na siku mbili tulizongoja. Lakini tusingengoja kama tusingekuwa na sufuria jikoni. Homa ya malaria ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na ile iliposhuka tukampa sifa mti.

Wale mnaouliza kwa nini tuna mkoba wa dharura nje ya sanduku, na kwa nini hauna kikao wala sahihi tatu, sababu ni hiyo. Tangu mkutano uliofuata, mama mwenye mtoto mwenye homa anagonga mlango wa mshika mkoba saa yoyote, anapewa ya pikipiki, maandishi yanafuata kesho. Mkaguzi mmoja aliyetutembelea alituambia utaratibu huo si salama kwa fedha. Tulimsikiliza, tukamkaribisha chai, na mkoba ukabaki ulivyo. Mpaka leo haujapotea hata shilingi ambayo hatukujua ilikokwenda.

Sasa jibu la kamati kuhusu ile pakiti.

Kwanza sheria. Tangu mwaka 2002 kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kuna Baraza lake. Dawa ya asili husajiliwa, na mganga husajiliwa. Huwezi kuandika "tiba" kwenye kifuko ukakiuza sokoni kwa kuwa tu umekitwanga mwenyewe. Pale Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili, ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, ikawa taasisi mwaka 1991, na kazi yake ndiyo hii ya kuchunguza miti ya waganga wetu. Kwa hiyo mtu asiseme serikali inadharau dawa za kienyeji.

Pili, maneno yenyewe. Mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kule Samunge, Loliondo. Shilingi 500 kikombe, mti wa mugariga. Hata kutoka kusini huku watu walikwenda, tena wengine kwa kuuza mbuzi. Mzee yule hakutajirika kwa shilingi mia tano, na hatumsemi vibaya, marehemu. Lakini wapo waliotoka vitandani hospitalini wakafia kwenye foleni, na wapo walioacha vidonge vya Ukimwi kwa kuamini wamepona. Ule mti hauna lawama. Lawama ni ya neno "anaponya kila kitu". Nasi tukiandika "magonjwa arobaini", mama wa Newala au Nachingwea atakayenunua kifuko chetu hatatuona sisi, ataona maandishi. Mtoto wake akishikwa na homa Jumatatu, atakuwa na sababu ya kungoja mpaka Jumatano. Tutakuwa tumemuuzia siku zetu mbili zilezile.

Kwa hiyo tunasema hivi. Mashine inunuliwe. Unga wa majani ya mlonge uuzwe kama chakula, mboga iliyokaushwa, kwa sababu una vitamini A, una protini, una madini ya chuma, na mtoto anayelelewa kwa ugali wa muhogo anauhitaji. Kwenye pakiti iandikwe mboga. Muarobaini uuzwe kama sabuni ya kuogea na majani ya kuhifadhia nafaka. Neno "tiba" lisiwepo. Mwenzetu mmoja katika wanne hakukubali. Anasema vikundi vingine vinauza kwa jina la dawa na vinapata mara mbili, na kwamba mboga haitalipa mashine kwa msimu mmoja. Hesabu yake ni sahihi. Tumeiandika katika kumbukumbu, na mkutano ndio utakaoamua.

Tunaomba na jambo moja kwa bibi zetu. Mnajua miti ambayo sisi hatuijui, kwa Kimakua, kwa Kiyao, kwa Kimakonde. Tumenunua daftari kubwa. Njooni mtuambie: mti gani, sehemu gani, unachimbwa majira gani, unachemshwa au unaloekwa, na nani asipewe. Yule mama wa Kichina aliipata dawa yake kwa sababu kuna mtu zamani aliandika neno "loweka". Mkunga wetu amekwisha kuandika kurasa nne, na ya kwanza inasema ni dawa zipi hampi kamwe mama mjamzito.

Basi, ndoo. Mbegu za mlonge zilizokomaa na kukauka zinamenywa, punje nyeupe inatwangwa. Kwa maji machafu sana tumetia punje mbili kwa kila lita. Tulikoroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kumi, tukaacha. Akina mama wa Sudan kandokando ya mto Nili walikuwa wakifanya hivi tangu zamani, na mtafiti mmoja, Samia Al Azharia Jahn, alikwenda kwao miaka ya 1970 akajifunza na kuliandika jambo hili duniani. Ndani ya punje mna protini inayoyakusanya matope yakashikana, yakawa mazito, yakazama, na bakteria wengi wanazama nayo. Wengi, si wote. Waliobaki wanaweza kuzaliana tena ndoo ikilala. Kwa hiyo maji hayo bado yachemshwe.

Twendeni mkaone wenyewe. Mfunue kwanza ile tusiyoigusa, halafu yenye mfuniko mwekundu, na msiitikise, tope liko chini. Asiyanywe mtu. Sufuria ya kuyachemshia iko mekoni tayari, na chai ya leo itapikwa kwa maji hayo.